Mgeni Hapewi Majani Mabaya

Juzi nilikuwa ofisi ya bwana shamba huku Magoma, furushi la majani mapajani, masikio kazini. Binti mtafiti alikuwa ametuomba wakulima majani ya mpunga, mazima na yenye madoa ya ukungu, alinganishe aone ndani ya mbegu kuna nini kinachokinga ugonjwa. Mama aliyenitangulia akafungua kanga: majani mabichi matupu, yamepangwa kama mchicha wa sokoni.

"Shikamoo mama. Yenye madoa yako wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimeyatupa. Mgeni hapewi uchafu."

Binti akashika kichwa. "Bila mgonjwa, mama, nitajuaje mzima karithi nini? Mbegu ya kuokoa shamba lako nitaipata wapi?"

Mama akavuta kanga mdomoni. "Nusu ya shamba imekwisha," akanong'ona. "Niliona haya."

Binti akamshika mkono, wakaongozana shambani.

Kumbe utafiti wenyewe ndio ule wetu wa kabla ya kuposa: unauliza ukoo huu una maradhi gani. Na wenye binti anayeposwa hawasemi hata siku moja.

Nikainuka polepole na furushi langu, nikarudi nyumbani kuchuma upya.