Lori Moja na Baba Mkwe

Kaa vizuri hapo ulipo, msikilizaji wangu, hasa kama una mimba au una binti mwenye mimba, maana nitaanza na jambo ambalo tulifundishwa kulinong'ona. Nilitokwa na damu. Mimba ilikuwa imefika nusu ya safari, mtoto ameshaanza kucheza, na asubuhi moja nikiwa napepeta maharage niliona doa kwenye kitenge. Doa jekundu, bichi, wala sikusikia maumivu yoyote. Hilo la kutouma ndilo lililowatuliza wenzangu. Mimi ndilo lililonitisha.

Tulikuwa Ibaba, huko juu milimani Ileje, karibu na katikati ya miaka ya themanini, wakati mche wa sabuni ulipokatwa kwa uzi ili kila nyumba ipate kipande. Mimi ni wa Ruanda, Mbozi, mtoto wa wakulima wa kahawa. Ibaba niliingia kwa kuolewa, nikawa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mume wangu alikuwa utingo wa malori yanayovuka Tunduma kwenda Zambia. Akipatikana mara moja kwa mwezi tulishukuru. Kwa hiyo mambo yangu yote yalikuwa mikononi mwa wazazi wake.

Sasa nikueleze mila ya pale, kwa sababu bila hiyo hutanielewa. Mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe hawaonani. Sisemi kwamba hawazoeani, nasema hawaonani. Nikimsikia anakohoa njiani naingia kwenye mahindi mpaka apite. Jina lake silitamki. Chakula chake nakipika mimi lakini hupelekwa na mkono mwingine. Hata kusoma, mzee wa watu alikuwa anapanda mlima kwenda darasa la kitongoji cha juu, kwa sababu darasa la karibu mwalimu wake nilikuwa mimi. Mama mkwe yeye alikaa benchi la mbele kwangu. Darasani ananiita mwalimu, nyumbani ananiita mkamwana, na hakuwahi kuchanganya.

Siidharau mila hiyo. Iliwekwa ili mwanamke mgeni apate nafasi yake ya kupumua katika boma la watu. Lakini mila ni kama uzio: umewekwa kuzuia mbuzi wasile mahindi. Ukiwaka moto ndani, mwenye akili haulizi mlango uko upande gani.

Muuguzi wa zahanati ya kijiji alinilaza ubavu, akasikiliza tumbo kwa kile kipembe chake cha mbao, akasema mtoto yupo na moyo unakwenda. Kisha akanishika mkono.

"Mwalimu, mimi siwezi kuona damu inatoka wapi. Hospitali ya misheni upande wa Mbozi kuna daktari mgeni amekuja na mashine ya kutazama ndani ya tumbo. Anaondoka wiki hii. Nenda. Na asikuingize mtu kidole kukupima, hata akiwa mkunga wa namna gani. Umenisikia?"

Nilimsikia. Lori wiki ile lilikuwa moja tu, la mfanyabiashara wa Tunduma aliyekuja kukusanya maharage. Dizeli ilikuwa adimu. Likiondoka hili, hujui lingine lini. Nikakimbia nyumbani kufunga khanga zangu, nikamkuta mama mkwe mlangoni amejishika kiuno.

"Lori hilo huwezi kupanda."

"Kwa nini, mama?"

"Mwenyewe anapanda." Mwenyewe maana yake mumewe. "Anakwenda kutafuta mkanda wa mashine ya kusaga ya kijiji. Ameshawekewa nafasi mbele. Utapandaje gari moja na baba mkwe wako? Na tumbo hilo?"

"Nitakaa nyuma, juu ya magunia."

"Juu yake! Kichwa cha baba mkwe chini, miguu yako juu!" Akacheka kwa uchungu. "Kwenu Ruanda hamkufundishwa kitu. Subiri. Dada yangu atakuja kukupima, mkono wake unajua."

"Mama, huo mkono sitaki. Na kusubiri sitaki."

"Hutaki?"

"Sitaki, mama. Nikifa hapa kwa heshima, mtanizika kwa heshima. Mimi nataka kuishi na mwanangu, hata kama ni kwa aibu."

Nilipita. Nilikwenda moja kwa moja uwanjani lori lilipokuwa linapakia, nikakanyaga gurudumu, nikapanda. Wapakiaji wakaacha magunia chini. Nikajifunika kitenge kichwa kizima, nikaipa kabini mgongo, uso ukiangalia tulikotoka. Lori lilipoanza kunguruma nikasikia mtu anahema pembeni: mama mkwe, anavuta mguu kupanda. Hakuniangalia. Alikunjua khanga yake, akaishika kati yangu na kidirisha cha kabini kama pazia, akaishika vile vile kona zote za milima ile, upepo unaipiga.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya kilichomo humo."

"Asante, mama."

"Usinishukuru."

Dereva alikuwa Mwislamu wa Tanga, kijana mcheshi ambaye mila zetu alizisikia kama habari za nchi nyingine. Vumbi likaniingia, nikakohoa. Kidirisha kilikuwa wazi, nikasikia sauti ya baba mkwe.

"Dereva, huko nyuma umebeba nini?"

"Maharage, mzee wangu."

"Maharage siku hizi yanakohoa?"

"Mwaka huu mvua ilizidi, mzee. Yameshikwa na kifua."

Baadaye, kwenye mteremko wenye mashimo, nikamsikia tena: "Dereva. Maharage hayo yana tumbo. Endesha polepole."

Mama mkwe akanitazama kwa mara ya kwanza.

Hospitalini dereva alitushusha kwanza, akaenda kushusha mzigo wake na kumpeleka mzee kwenye shughuli yake. Alisema atapita kutuchukua kabla jua halijalala. Muuguzi wa pale, mama mtu mzima mwenye kofia iliyopigwa pasi ikasimama wima, alinipa mtungi wa maji na bilauri. "Kunywa mpaka tumbo liseme basi. Usiende haja ndogo mpaka nikuite."

Nikanywa. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipokaribia kuitwa, mama mkwe akaniona nabana magoti, akaniinua kwa mkono na kunipeleka chooni. Kwao mwanamke hasimami mbele ya mwanamume mgeni akiwa na haja, ni kumtukana. Tulirudi mimi nikiwa mwepesi, yeye akiwa ameridhika kwamba walau kitu kimoja siku ile kimefanyika kwa adabu.

"Nani amekwambia ukojoe?" muuguzi aliuliza.

"Mimi," mama mkwe akasema. "Hatuendi mbele za watu na mkojo."

"Mama, mkojo ndio dirisha! Bila mkojo daktari haoni kitu!"

"Kwa hiyo daktari wenu anatazama mtoto au anatazama mkojo?"

Foleni nzima ilicheka, na mimi nikarudishwa mwisho na mtungi mwingine. Usicheke sana. Alikosea kwa sababu hakuna aliyemweleza, na hakuna aliyemweleza kwa sababu walidhani hatauliza. Ngoja nikueleze wewe. Ukisimama Ibaba ukapiga kelele kuelekea mlima wa ng'ambo, sauti hurudi. Mlima wa karibu huirudisha upesi, wa mbali huichelewesha. Ukiwa msikivu utaujua umbali hata macho yakiwa yamefungwa. Mashine ile hufanya hivyo hivyo. Inapeleka sauti ndogo ambayo sikio letu haliipati, inangoja irudi, na kwa jinsi inavyorudi inachora. Kibofu kikijaa maji, sauti inapita vizuri hadi kwenye mfuko wa uzazi, hasa sehemu yake ya chini. Na ya chini ndiyo waliyotaka kuiona kwangu.

Zamu yangu ilipofika, muuguzi akanimiminia mafuta tumboni, mafuta ya kupikia, kwa sababu ile dawa ya utelezi ya daktari ilikuwa imekwisha. Mama mkwe akashika kichwa.

"Mafuta! Mwaka mzima hatujayaona dukani, kumbe mnawapaka wajawazito!"

Daktari, mzungu mrefu mpole, akauliza amesema nini. Muuguzi akamwambia amesema asante.

Mashine ilikuwa sanduku lenye kioo kidogo cha kijivu. Bara siku hizo hatukuwa na televisheni, hivyo sikuwa na cha kufananisha nacho. Niliona ukungu, kama ule unaolala mabondeni asubuhi. Kisha ukungu ukawa na umbo, na katikati ya umbo kitu kidogo kinapepesa.

"Hicho kinachopepesa?" mama mkwe aliuliza taratibu.

"Moyo wa mjukuu wako," muuguzi akasema.

Aligeuza uso ukutani, akaurudisha, akaugeuza tena. Nadhani alikuwa anajiuliza kama inaruhusiwa. Mwishowe akavuta kigoda karibu, akatazama mpaka daktari alipozima.

Daktari hakutabasamu. Alichora kwenye ubao wa darasa uliokuwa pale ukutani, na muuguzi akatafsiri. Nami nakuchorea kwa maneno. Mfuko wa uzazi ni nyumba yenye mlango mmoja, chini. Kondo la nyuma ni ghala la mtoto. Chakula chake na pumzi yake vyote hupitia humo, na limejaa damu. Ghala linatakiwa kukaa ukutani, juu. La kwangu lilikuwa limekaa mlangoni. Siku mlango utakapoanza kufunguka, ghala litabanduka kabla ya mtoto kutoka, na damu itakayomwagika haina mkunga wa kuizuia. Hata kidole cha kupima kikiligusa, huweza kulibandua vivyo hivyo. Alisema pia kwamba bado ni mapema, mfuko ukikua ghala huweza kusogea juu, wengi husogea. Lakini nikae karibu na hospitali, nirudi kupimwa, na kuzalia nyumbani nikusahau kabisa.

Hapo ndipo penye mgogoro wenyewe. Mjukuu wa kwanza katika boma lile alipaswa kuzaliwa Ibaba, mikononi mwa mama mkwe, na kitovu chake kizikwe pale. Mwenye kubadilisha hilo alikuwa mtu mmoja, mtu nisiyeruhusiwa kumsemesha.

Lori lilirudi. Nilikuwa nimekaa ndani ya chumba cha kusubiria, mgongo kwenye ukuta. Baba mkwe alisimama nje, upande wa pili wa ukuta ule ule, mkanda wa mashine umeviringishwa begani. Nilijua kwa kikohozi chake. Mama mkwe akainuka kwenda kumpelekea habari, kama desturi. Nikamshika khanga.

"Mama, hii nitasema mwenyewe."

"Hapana. Hapana, mwanangu."

Nikasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma. "Baba! Ni mimi, mke wa mwanao. Daktari amenitazama. Mtoto yuko hai. Lakini kondo limeziba mlango. Nikizalia Ibaba tutakufa wote wawili. Sirudi. Nitakaa Ruanda kwa mama yangu, karibu na hospitali, mpaka nijifungue. Siombi ruhusa, Baba. Nakupa taarifa."

Mama mkwe aliziba mdomo kwa viganja vyote. Kisha baba mkwe akasema kule nje:

"Dereva. Umesikia upepo?"

"Mimi sikusikia upepo, mzee wangu. Nimemsikia mkweo."

"Ukoo utadai kuku wa faini kwa jambo hili."

"Kuku sitoi!" nilisema. "Sijakosa."

Dereva akaangua kicheko, akajizuia, akashindwa. Mzee hakucheka. Nikamsikia anahamishia mkanda bega la pili.

"Dereva," akasema mwishowe, na sauti haikuwa ile ya njiani, "mwambie mke wangu abaki na huyo mtu. Mimi nitajipikia. Na mwambie huyo mtu, huyo mtoto ana kwao. Ardhi ya Ibaba haitahama."

Lori likaondoka. Mama mkwe alikaa chini kama gunia lililofunguliwa. "Atajipikia," alirudia. "Hajui hata chumvi iko wapi."

Ghala langu halikusogea. Nilipimwa tena, nikalazwa, nikapasuliwa, binti akatoka analia kabla hajamaliza kutoka. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Watu wa Ibaba walisema maneno kwa miaka. Wengine wanasema mpaka leo kwamba mimi ndiye niliyevunja heshima ya boma. Nawajibu nikiwa nimemshika mwanangu mkono. Kama ningerudishwa kwenye siku ile, ningepanda lori lile tena, na safari hii ningeomba nafasi ya mbele.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: ukiona damu ukiwa na mimba, hata tone, hata kama hakuna maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa gari lolote lililopo, na usikubali mtu yeyote akupime kwa kidole kabla hawajatazama kondo lako limekaa wapi.