Kioo cha Baba na Funguo Mbili

Juzi mke wa mwanangu alikuwa akisugua sufuria nje, na harufu ya jivu lililoloa ikanifikia kwenye kiti changu. Nikarudi utotoni bila kutaka.

Baba, Arap Langat, alikuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha chai, upande wa Sotik. Yeye na rafiki yake Ouma, mtu wa kutoka ziwani, walisaga pete za chuma za pampu mpaka zilale sawa kabisa, maji yasipate mwanya. Walitaniana kutwa. "Mkono wako umezoea chuchu za ng'ombe," Ouma alikuwa akimwambia. "Na wako unanuka omena, dagaa wenu wa ziwani," Baba akimjibu. Pete hizo hazikupimwa kwa rula. Walikuwa na kioo kizito cha duara cha kuzipimia, kilichofungiwa sandukuni, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake.

Jumamosi moja Baba alikileta nyumbani kwa siri, atuonyeshe. Jikoni kwetu, penye giza hata mchana, aliwasha spiriti aliyoitia chumvi, mwali ukawa wa manjano. Akakilaza kioo juu ya pete. Mistari myeusi ikatokea, imepangana kama michai shambani.

"Ikinyooka, chuma kiko sawa," alisema. "Ikipinda, rudi ukasage. Mwanga haubembelezwi."

Sikuwahi kumwona amefurahi vile.

Alipokwenda kukamua, nilikigusa. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya chapati, alama ikabaki. Basi nikafanya alivyotufundisha Mama kwa kila chombo cha nyumba ile: nikachota jivu, nikasugua kwa kuzungusha. Mafuta yalitoka. Nikakifunga kioo katika kitambaa chake, nikajiona mtoto mwerevu.

Jumatatu, kiwandani, kilionekana kimechubuka, hakifai tena. Jioni Ouma alikuja kwetu. Hakuketi.

"Arap Langat, fomani anasema ni mimi. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilisema tu funguo ni mbili."

"Ni kweli," Ouma alisema. "Ni mbili."

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai yake. Nilijua ni jivu langu, lakini niliogopa kiboko; nikakiweka kikombe chini, nikatoka. Walimhamishia Ouma kwenye boila kupakia kuni, na kabla ya mwaka kwisha alirudi kwao.

Sekondari, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba mistari ile ni mwanga unaorudi kutoka nyuso mbili na kukutana, hata mwanya ukiwa mwembamba kuliko unywele. Nilifurahi kujua, nisifikirie zaidi. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipoelewa lililobaki. Michubuko ile lazima ilikuwa ya kuzunguka, kama ndani ya sufuria zetu zote. Baba, mtu aliyeishi kwa kusoma yasiyoonekana na wengine, hakukosa kuisoma. Lakini angesema, ingembidi aseme pia nani alikitoa kioo kiwandani. Alichagua, na mimi nikamsaidia kwa kunyamaza. Tulikula meza moja miaka yote hiyo, kila mmoja akimficha mwenzake.

Siku ya kumzika Baba nilisimama mbele ya watu nikasema alikuwa fundi mwaminifu. Wote waliitikia kwa kichwa. Mtu mmoja tu angeweza kunisahihisha, na huyo sikumpelekea habari za msiba.