Sahani ya Baba na Samaki wa Chukuchuku

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: utampunguzaje baba yako mwili bila kumpunguzia heshima?

Huenda kwa mtu mwingine ni swali dogo. Mimi nina maradhi ya kufikiria. Nikitumwa chumvi, huiwaza chumvi mpaka duka likafungwa. Chuo kilinipa shahada lakini hilo hakikuniponya. Basi daktari wa kampuni alipompima baba akamwambia presha iko juu na mwili umezidi, na kwamba hatamruhusu kushika usukani mpaka vyote viwili vishuke, niliyelala macho kodo ni mimi. Baba alikoroma.

Lakini asubuhi nilimwona. Baba ameendesha malori ya mafuta kutoka Changamwe tangu sijazaliwa, na bila lori hajui ajiite nani. Aliamka saa ile ile ya kazi, akavaa shati lile lile la kazi, kisha akaenda kukaa barazani. Mama huuza viatu vya mitumba sokoni na hurudi jioni, dada yangu Dama yuko shule ya upili, nami nilikuwa nyumbani nikitafuta kazi kwa simu. Jiko likawa langu. Na kazi ya baba, kwa namna fulani, ikawa ndani ya jiko hilo.

Enzi zetu haya hayakuwahi kutupitia akilini. Najua umri wangu haunipi ruhusa ya kusema "enzi zetu", ndevu zenyewe zinaota kwa kusitasita, lakini nyinyi mliokulia Magogoni pamoja nami mtaniunga mkono. Nani kati yetu alikuwa na kitambi? Tulicheza kati mpaka mpira wa soksi ukafumuka, tukacheza kibe mpaka aliyejificha akasahauliwa akaenda zake kulala. Maji tuliyafuata kwa mitungi, shule tuliifuata kwa miguu, na mama akituma kitu dukani ulikimbia, maana alitema mate chini akakwambia urudi kabla hayajakauka. Tukifika nyumbani hatukuuliza kuna nini. Tulikula kilichopo. Leo Dama akirudi shule hufunua sufuria kama askari anayekagua mzigo, kisha husema, "Mboga tena?" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Likizo tulipelekwa Junda kwa Hawe. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mamake baba. Hawe alikuwa mfupi, mwepesi, na mdomo wake ulitangulia mkono. Tukikaa juu ya mbuzi kumkunia nazi, tulikuna moja tukila moja, naye alisikia kutafuna kwetu hata akiwa uani. "Nyinyi mna matumbo au mna magunia?" Tui la kwanza, lile zito, lilitengwa kwa wageni na kwa Jumapili. Sisi tulipikiwa kwa kasimu, tui la mwisho, jepesi kama maji yaliyosikia habari za nazi kwa watu. Mbaazi kwa kasimu, mchicha kwa kasimu. Na mchunga, ile mboga chungu ya porini, aliuchemsha, akamwaga maji, akauchemsha tena, na bado ulituuma ulimi. Wari, ndiyo sima kwa lugha yetu, ulikuja mgumu, umekatwa kwa uzi.

Lakini tulichokichukia kuliko vyote ni chukuchuku. Kwa asiyeijua, chukuchuku ni samaki anayechemshwa kwa maji, chumvi, nyanya, ndimu na pilipili, basi. Hakuna mafuta, hakuna tui, hakuna bizari. Mimi nilitaka samaki wa kukaanga, mwenye ngozi inayolia ukiivunja. Siku moja nilithubutu kusema sitaki. Hawe hakuinua hata uso. "Ukisema hutaki, useme na utakakokula." Nikala.

Tena chungu kwa Hawe kilikuwa kimoja. Ukiona kijichungu kingine kimetelekwa pembeni, ulijua mmoja wetu ana homa. Hata mtoto asiyejua kuhesabu vidole vyake alilijua hilo.

Mimi, mwenye shahada, nikalisahau.

Nilianza na simu. Nikatazama watu wenye majiko meupe wakipanga majani kwenye bakuli, wakinyunyizia mbegu ambazo hapa kwetu labda ungemnunulia kasuku. Nikapakua programu ya kupima chakula. Nikaiandikia "mchunga", ikaniletea picha ya mchungaji na kondoo wake. Nikasema labda tatizo ni mchunga, nikaiandikia "wari", ikanyamaza kabisa. Nikawaza: nimpikie baba nini ambacho simu inakijua, sokoni kipo, na sisi tunakimudu? Nikawaza hivyo wiki nzima, na wiki nzima baba akala wali wa tui zito na samaki wa kukaanga.

Mwishowe nikajikaza. Nikawapikia wengine kama kawaida, na pembeni, kwenye kisufuria kidogo, nikamchemshia baba mboga na kipande cha kuku kisicho ngozi. Baba akaja, akafunua.

"Hii ya nani?"

"Yako, baba."

"Na ile?"

"Ya sisi wengine."

Akakitazama kile kisufuria kama mtu aliyeona jina lake kwenye tangazo la matanga. "Karisa, mimi nimelazwa?"

"La, baba."

"Basi nipakulie chakula cha watu."

Nikasimama na upawa mkononi nikiwaza nijibu nini. Kabla sijamaliza kuwaza, baba alikuwa amevaa ndara, amekwenda kwenye kona kwa mama wa viazi karai, vile vya kuzamishwa kwenye mafuta. Alikula huko, amesimama, mbele ya mtaa mzima.

Mama aliporudi akasikia, alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Mama ni Mkristo wa kanisa lake, lakini huapa kama majirani zake wote. "Umemtengea baba yako chungu? Wallahi, mwanangu, wewe umesoma mpaka ukaipita nyumba."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nauza viatu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikamwambia basi tule wote chakula kimoja, kile cha baba. Akanikata jicho. "Mimi nina presha?"

"Huna, mama."

"Basi tui langu limekosa nini?"

Mazungumzo hayo yalichukua jioni nzima, na naweza kusema nimeshuhudia wanasiasa wakipatana kwa urahisi zaidi. Mwafaka ukawa tui la kwanza Jumapili tu, na siku nyingine kasimu. Dama aliuliza kasimu ni nini. Mama akamtazama kwa huruma, akaniambia, "Unaona? Huyu tumempoteza kwa chipsi."

Ndivyo chungu kilivyorudi kuwa kimoja. Mafuta niliacha kuyamimina kutoka kwenye dumu, nikayapima kwa kijiko. Muhogo tuliokuwa tukiukaanga nikauchemsha na chumvi na pilipili. Mbaazi nikaziloweka usiku zisimalize gesi, kunde nikazipika na majani yake. Mchunga na mchicha nilivinunua kwa akina mama wanaovipanga chini kando ya barabara, na nikagundua kwamba vitu nilivyovikimbia utotoni ndivyo vinavyoniachia nauli ya kurudi nyumbani. Samaki nilichukua tafi wadogo, nikawapika chukuchuku. Nyanya zilipopondeka na ndimu ikaingia, mvuke ukanipanda puani, na nusura nigeuke nyuma kusikia kama kuna mtu ataniuliza kuhusu tumbo na gunia.

Baba aliinua kichwa barazani. "Leo chukuchuku?"

"Ndiyo, baba."

"Umetia pilipili mbichi au ya unga?"

"Mbichi."

Akaingia mwenyewe bila kuitwa. Akavuta sahani yake. Alikula.

Tatizo lilikuwa alikula sana. Chungu kimoja kilimwondolea aibu, lakini mlima wa wari ulikuwa pale pale. Kwetu sahani ya baba hujazwa. Ukimjazia nusu umemwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilijaribu kumbadilishia sahani kwa ndogo kidogo, nikadhani haoni. Akaitazama, akanitazama. "Sahani yangu imesafiri?" Nikairudisha. Na baba, mtu aliyelelewa na Hawe, hawezi kuinuka na chembe imebaki kwenye sahani yake. Akijaziwa humaliza. Nikarudi kitandani na swali langu lile lile.

Kisha maji yakakatika. Mnajua mifereji yetu ya huku ng'ambo ya kisiwa. Siku ya kwanza unasema yatarudi jioni, siku ya tatu unamtafuta mwenye mkokoteni, naye hapokei simu. Vyombo vichafu vikajaa karai. Mama akarudi kutoka sokoni, akaliona lile rundo, akasema, "Sioshi sahani kwa maji ya kunywa mimi. Toa sinia."

Sinia letu hulala nyuma ya kabati mpaka Krismasi. Nikalifuta vumbi, nikapakua wari katikati, mchunga huku, chukuchuku kule, tukatandika mkeka. Dama akakaa upande mmoja kana kwamba amealikwa harusini bila viatu. "Sasa mimi mpaka wangu uko wapi?" Mama akamwambia, "Mpaka wako ni mkono wako. Kula."

Baba akakiombea chakula, kwa urefu wake wa kawaida, tukaanza. Ndipo nikaanza kumtazama. Alimega wari tonge dogo, akachovya kwenye mchuzi. Akamfungua tafi kwa vidole, akatoa miba, na ile nyama nyeupe akaisukuma upande wa Dama. Akala mchunga. Akamfungua mwingine, akasukuma upande wangu, mimi mtu mzima mwenye shahada. Akazungumza kidogo. Akala mchunga tena. Na wari ukiwa bado umesimama katikati, akajipangusa vidole, akainuka. "Nimeshiba. Malizeni."

Nikaganda na tonge mkononi. Maneno hayo nilikuwa nayajua. Tulipokuwa wadogo, tulipokuwa tukila hivi kila siku kwa sababu sahani zenyewe hazikutosha, baba alikuwa wa kwanza kuinuka. "Nimeshiba, malizeni." Nasi tukamwamini, tukagombania kichwa cha samaki. Sijui ni mwaka gani tulinunua sahani za kutosha, kila mtu yake, tukaona tumepiga hatua. Lakini pale mkekani nikaona kitu ambacho simu yangu isingeniambia kamwe. Kwenye sahani yake baba humaliza. Kwenye sinia baba hubakiza. Na hapana aliyemnyima, wala aliyempimia. Alikuwa akitoa yeye.

Mtu mwingine angefurahi akalala. Mimi nikaingiwa na hofu mpya: je, anajinyima? Nikamfuata barazani.

"Baba, umeshiba kweli?"

Alikuwa anachokonoa meno. Akakitupa kijiti.

"Nimeshiba, Karisa," akasema. "Siku zile ndizo sikuwa nimeshiba."

Nikakaa naye pale mpaka Mama akaniita nikatoe vyombo.

Maji yalikawia, na sinia likakawia pamoja nayo. Tulikula mbaazi na mihogo juu yake, tukala kunde, tukala chukuchuku mpaka Dama akajifunza kutoa miba bila kumwita mtu. Katikati ya ukame huo baba alikwenda kupimwa. Aliondoka na shati lake la kazi, akarudi mchana, akavua viatu polepole makusudi ili tumuulize. Presha imeshuka, akasema, na mwili umeanza kuifuata. Sahihi ya kumrudisha kwenye usukani bado. Daktari anataka kumwona tena, lakini amemwambia akazane na hicho anachokifanya, chochote kile.

"Akauliza ninatumia mpango gani wa chakula," baba akasema.

"Ukamwambia nini?" Mama akauliza.

"Nikamwambia mferejini hakuna maji."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Enzi zile tulikula pamoja kwa kukosa, na kila mtu alifukuzia siku atakayokuwa na sahani yake, mlango wake, simu yake. Tumevipata. Sitawadanganya kwamba tulikuwa na raha zaidi, maana nakumbuka pia njaa ya saa nne darasani, na nakumbuka mama akituambia chai ya rangi ni tamu kuliko ya maziwa. Ila kuna vitu tulivitupa pamoja na shida, tukidhani navyo ni shida. Hawa wadogo zetu wanaopiga picha chakula kabla ya kukila, wakikila mmoja chumbani na mwingine sebuleni, hawana kosa. Hatukuwaonyesha.

Juzi asubuhi mfereji ulikohoa, ukatema kutu, kisha maji yakaja. Dama alishangilia. Tukaosha kila kitu. Sahani zetu kubwa zikakaa zimepangwa mezani, zinang'aa, nami nikasimama mbele yake nikianza kuwaza. Baba akiona sinia leo, na maji yapo, atajua. Atajiuliza kama ni mtego. Majirani wakipita watasema tumeuza vyombo. Mama mwenyewe alishatamka hivyo: "Watu watadhani tumefilisika."

Nikawaza hivyo kwa muda ambao chai inachemka. Kisha nikavuta kiti, nikazibeba zile sahani, nikazipandisha juu kabisa ya kabati, mahali ambapo Mama hafiki na Dama ni mvivu wa kupanda. Nikatandika mkeka. Nikajaza birika maji ya kunawa, nikatoka nalo mpaka barazani, na mkono wa kwanza nilioumiminia ulikuwa wa baba.