Muulize kwa Wewe

Naikumbuka vizuri siku shangazi yangu aliponikaripia mbele za watu, mwanangu, na hadi leo namshukuru. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nafika kutoka Mara na gunia la ulezi. Ulezi ulikuwa wake, maana alikuwa akiuza uji hapa Kongowe. Alikuja kunipokea barabarani. Tuliteremka kwenye basi abiria wengi, kila mtu na mzigo wake, tukakuta askari wawili wanatafuta bangi. Nilimwamkia mmoja shikamoo, akaitikia vizuri tu, akaniuliza natoka wapi.

"Nirikuwa kwetu Mara," nikasema.

Ile "ri" ya kikwetu ikanichongea. Aliacha mizigo ya wengine yote, akaja kwangu.

"Nyie wa Mara tunawajua. Fungua."

Gunia likamwagwa chini, vumbini. Bangi haikuwemo. Unadhani aliomba radhi? Aliniambia nimtaje mmoja wa kwetu anayeuza, la sivyo nitalala ndani. Nikasema, "Samahani, afande."

"Samahani ya nini?" Shangazi akanikatiza. "Umeiba? Inua uso." Kisha akamgeukia askari, wala sauti haikupanda. "Baba, hapa kuna nyie wangapi? Mimi namwona kijana mmoja. Muulize kwa wewe, si kwa nyie, atakujibu. Hao wengine unaowajua, kawatafute kwa majina yao."

Askari akatishia kumkamata na yeye.

"Twende. Lakini utaandika kosa gani? Kuzaliwa Mara?"

Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja wa Kizaramo, muuza mihogo, akasogeza kapu lake na kusema kama ni kukagua, basi na lake likaguliwe. Wengine nao wakafungua mizigo yao. Askari waliona kazi imekuwa kubwa, wakaondoka. Ulezi tuliupepeta mpaka mikono ikauma, na ule ulioshindikana tukawapa kuku.

Sasa wewe jana umerudi umevimba kwa hasira, umepekuliwa tena kwa sababu ya kuitwa Marwa, na unasema utalibadili jina. Thubutu! Mwacha asili ni mtumwa. Bangi usiiguse, na anayeiuza ashikwe, awe wa kwetu au wa kwao. Lakini mimi ni mtu mzima, sidanganyiki. Anayekupekua kwa sababu ya jina hatafuti bangi. Alikuwa na chuki yake tangu zamani, sheria imempa fimbo tu. Watakuambia samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wajibu kwamba wewe si samaki.

Wakikusimamisha, simama. Usikimbie, usitukane mtu. Uliza kwa sauti ya kusikika wanakushuku kwa lipi ulilofanya wewe, na uite watu washuhudie. Usiombe samahani kwa kuzaliwa kwenu. Usimtaje mwenzio ili wewe upone, maana kesho naye atakutaja. Na ukimkuta mfugaji kule Ruvu anapekuliwa peke yake kwa ajili ya shuka lake, usipite kama hujaona. Simama naye, hata kama si kabila lako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya, akupe mke mwema na watoto, na mmoja wao umwite Marwa.