Ala Inayoshika Taa

Twyla Renfro hana ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia, na ukimwonea huruma kwa hilo utajuta. Kamba ndiyo iliyoichukua, akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipomtupia ndama kitanzi na kuzungusha kamba kwenye pembe ya tandiko la farasi huku kidole kikiwa ndani. Huku kwetu Nebraska magharibi wako wengi wa namna hiyo. Kanisani kwetu peke yake nawajua wanne, na vidole vyao vya mikono ukivihesabu havitimii arobaini.

Tangu siku ile alijifunza kushika bastola kwa kushoto. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili kuwa askari wa doria wa kaunti, peke yake garini kwenye barabara za changarawe, na mbwa wa mashamba yote wanaijua ngurumo ya gari lake.

Mimi ni Delmer Koops. Natengeneza ala za bastola, zile za kuchomekea kiunoni, gerejini kwangu. Plastiki ngumu naipasha moto kwenye jiko la zamani la mke wangu, ambaye hajanisamehe bado.

Mwezi wa tatu sherifu wetu, Boyd Hascall, ambaye ndiye mkuu wa askari wa kaunti, aliamua kila askari afunge taa chini ya mtutu wa bastola. Wazo zuri, sikatai. Gizani sharti umwone mtu kabla hujamhukumu. Lakini Boyd aliagiza taa kubwa kumi na moja na ala kumi na moja bila kumuuliza mtu. Swichi ya taa hizo iko mbele mno, na hubonyezwa kwa kidole gumba cha mkono usioshika bastola. Cha Twyla hakiifikii.

Boyd akamwekea fomu mezani. Atie sahihi kwamba ana ulemavu, akae ofisini akipokea simu mpaka astaafu.

"Usijisumbue, bibie," akamwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi ninavyo tisa na nusu," Twyla akajibu. "Simu pokea wewe."

Boyd akampa mpaka Ijumaa. Apite mtihani kwa vifaa atakavyoleta mwenyewe, au atie sahihi.

Twyla alikuja kwangu Jumatatu na taa nne za kuazima. Ya kwanza ilikuwa na mwanga mkali kweli, lakini swichi ilikuwa mbali vilevile. Ya pili na ya tatu akazitupa kwenye kochi. Ya nne ilikuwa ndogo, mwanga wake wa wastani tu, ila swichi yake ilikuwa na masikio marefu ya kubonyezea yaliyorudi nyuma hadi karibu na kifyatulio. Akaiwasha na kuizima mpaka nikamwambia ataua betri.

Kisha akaichomeka bastola yenye taa hiyo kwenye ala ya ofisi, akaigeuza ala juu chini. Ikaanguka sakafuni. Bahati ilikuwa haina risasi. Hapo ndipo watu wa bastola wanapokosea kila siku: wanaagiza ala kwa jina la bastola, kumbe ala ya namna hii inashika taa, si bastola. Ukibadilisha taa, ala yako imekufa.

"Nitengenezee ya hii basi," akasema. "Ya kushoto."

Ya kwanza niliiunguza. Ya pili ilibana kama kiatu cha mtoto. Ya tatu, Jumatano, ilisema "ta!" bastola ilipoingia. Alhamisi kutwa aliichomoa na kuirudisha, mimi nikihesabu hadi nikachoka.

Mtihani ulifanyika Ijumaa adhuhuri ndani ya ghala la viazi, milango imefungwa, giza totoro. Mbele kulikuwa na mbao nne zenye picha za watu. Taa ya Twyla iliwaka mara nne, risasi zikalia tatu. Picha ya nne ilikuwa ya mama aliyeshika chupa ya maziwa ya mtoto. Boyd aliikagua muda mrefu akitafuta tundu, asilione. Akauchukua mkanda wa Twyla, akaupindua, akaukung'uta kama gunia. Bastola haikutoka.

"Umepita," akasema. "Nitakuruhusu, kwa hali yako." Akatoa fomu ya kuruhusu kifaa kisicho cha ofisi. Penye sababu alikuwa ameshaandika: ulemavu wa kidole.

Niliudhika hasa, lakini nikadhani Twyla ataliacha lipite, maana gari lake la doria keshalipata. Akaomba kalamu. Akayakata maneno yale, akaandika juu yake: ala za ofisi zilinunuliwa bila kupima.

"Hivyo siwezi kutia sahihi," Boyd akasema.

"Basi ingia ghalani na ile taa yako kubwa na ala yake, tuone kama utapita."

Ghala lilikuwa wazi. Askari wenzake kumi walikuwa wakitazama. Twyla akamnyooshea kalamu, kaibana kwa kile kidole kifupi, na Boyd akatia sahihi.