Jioni ya Kujaribu Darubini Loresho

Mwaka ule mume wangu alipata kazi ya msimu mmoja na kampuni ya uwindaji upande wa Tanzania. Kwa miaka mingi alikuwa akiendesha watalii hapa kwetu, wale wa kupiga picha tu, na jicho lake la kuona mnyama kabla ya wengine ndilo lililompatia nafasi. Angekuwa anatangulia mbele ya wawindaji kumtafuta nyati vichakani, alfajiri na jioni. Sharti lilikuwa aende na darubini yake mwenyewe.

"Nyati akijeruhiwa hujificha," aliniambia. "Usipomwona mapema, yeye ameshakuona."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Akiba yetu ingenunua darubini moja, tena ya wastani. Tukikosea hapo, hakukuwa na nyingine.

Tulizunguka mjini tangu asubuhi, hadi tukafika kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Mombasa aliyeuza kamera na saa karibu na msikiti. Alituwekea mbili mezani, bei ikiwa karibu sawa. Moja ilikuwa ndogo, ya kuingia mfukoni. Ya pili ilikuwa nzito, lenzi zake za mbele pana.

"Hii ndogo yavuta mbali zaidi," alisema. "Hii pana haivuti sana, lakini yakusanya mwanga. Hapa mlangoni, jua kali hivi, hamtaona tofauti. Ngojeni jua lizame."

"Basi tuachie tukazijaribu jioni," mume wangu akasema.

"Na nitajuaje mtarudi, bwana?"

Kitambulisho cha mume wangu kilikuwa kwenye ofisi alikoombea hati ya kusafiria. Nikatoa changu. Mfanyabiashara akakitia mfukoni mwa shati na kuniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi.

Kwetu Kabiria nyumba zimebanana, hakuna pa kutazama mbali. Tukaenda Loresho, mahali barabara inapopita juu ya bonde lenye miti na vichaka, na ng'ambo yake ni kuta za wenye mali. Tulisimama kando ya barabara tukipokezana. Mwanzoni ile ndogo ilinipendeza. Ilimvuta kunguru karibu hadi nikaona mdomo wake. Lakini mikono yangu ikitikisika kidogo tu, kunguru alipotea, na kadiri giza lilivyoingia ndivyo bonde lilivyogeuka kuwa weusi mtupu.

"Angalia pale chini ya ule mti uliolala," mume wangu akasema. "Unaona nini?"

"Kitu cheusi. Kisiki, labda."

Akanipa ile pana. Nilichokiona si kisiki. Alikuwa mtu aliyevaa koti refu na kofia, rungu mkononi, anapanda kuja kwetu. Nyuma yake alikuwa mwingine na mbwa.

"Baba Mapacha," nikamwambia mume wangu, "twende."

"Tukikimbia ndiyo tutaumia. Simama tu."

Walikuwa walinzi wa zile nyumba. Yule wa rungu hakutusalimia. "Mnaangalia boma ya nani?"

"Hatuangalii nyumba," mume wangu akajibu polepole. "Tunajaribu hizi darubini. Ni za kuwindia."

"Kuwinda? Mnawinda nani hapa?"

Nilitamani angelimeza lile neno. Yule mwenye mbwa akapiga simu, na kufumba na kufumbua gari la polisi likawa limesimama mbele yetu. Afisa mmoja kijana alizishika darubini, akazigeuzageuza.

"Hii nchi uwindaji ulikatazwa hata kabla sijazaliwa," alisema. "Na hapa wezi wamevunja nyumba juzi. Kitambulisho."

Nikamweleza changu kiko kwa mwenye duka na cha mume wangu ofisini. Akaniangalia kama mtu aliyesikia hadithi hiyo mara nyingi. Nikapiga ile namba. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita vilevile.

"Huyo mtu wako hayuko," afisa akasema. "Ingieni kwa gari."

Tulikaa nyuma, mume wangu mkono wake juu ya wangu. Niliwaza mapacha wetu walio kwa jirani, na niliwaza kwamba mtu mwenye kesi hapewi hati ya kusafiria. Dereva alikuwa ameshawasha gari simu ilipolia mkononi mwangu.

"Samahani, mama," sauti ikasema, "nilikuwa naswali magharibi. Kuna nini?"

Nikampa afisa simu. Alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Kisha akanigeukia. "Taja namba ya kitambulisho chako. Pole pole."

Nikaitaja, huku yule bwana akisoma upande wa pili na afisa akilinganisha. Tarakimu ya mwisho ilipotoka, afisa akanirudishia simu na darubini zote mbili.

"Shukeni. Na msirudi hapa na hizi vitu."

Tulitembea hadi barabara kuu ya Waiyaki Way. Hapo mume wangu akasimama na kuiinua ile pana kidogo.

"Ni hii," alisema.

"Ni hiyo," nikajibu.

Asubuhi tulirudi dukani, tukarudisha ndogo na kuilipia pana. Mfanyabiashara alinipa kitambulisho changu kwa mikono miwili, akaomba radhi tena ingawa hakuwa na kosa.

Mume wangu aliondoka kupitia mpaka wa Namanga. Simu zake zilikuwa za nadra, na kila simu ilipolia nilikaa chini kwanza. Msimu ulipokwisha alirudi mzima, amekonda, ndevu zimemjaa usoni. Mapacha walimkimbia wakidhani ni mgeni, ikabidi niwashike mkono niwapeleke kwake mmoja mmoja.