Doti Isiyopindwa

Nakumbuka Ijumaa moja asubuhi, mwanangu, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimekaa sakafuni chumbani kwa bibi yangu mzaa baba, katika nyumba yetu ya mtaa wa Wattaya, na mkasi mkononi. Mkasi ule ulikuwa mkali. Laiti ungalikuwa butu, pengine ningalipata nafasi ya kufikiri.

Ngoja lakini, nisikurukishe. Wewe umesema umechoka kununua mitandio madukani na unataka kujishonea yako nyumbani. Vizuri sana. Mimi nina miaka mingi sijanunua mtandio, na bado harusini watu hunishika mkono kuniuliza nimeupata wapi. Kwa hiyo nisikilize, hili nalijua. Nenda soko la Mutrah, ingia kwa wauza nguo, uombe vipande vya mwisho wa jora. Huviweka chini ya meza kwa sababu havitoshi gauni, na wewe gauni hulitaki. Viloweke kwanza kwenye maji ya chumvi uone kama vinachuja rangi. Usikate kwa kukadiria na macho: chomoa uzi mmoja kutoka ukingo huu mpaka ule, utaacha njia nyembamba, na mkasi uifuate njia hiyo. Ukitaka matamvua, chomoa nyuzi za mwisho uzifunge mafundo madogo madogo. Mkufu uliokatika usiutupe, shanga zake zitakaa vizuri pembeni. Kipande kitakachobaki kitie mpira, ushapata kibanio cha nywele. Akili ni mali, na wenye mali hiyo hawapangi foleni dukani.

Hayo yote nilikuwa nayajua nikiwa na umri huo wako. Nilikuwa karani katika ofisi moja Ruwi, nusu ya mshahara naiacha nyumbani, na wenzangu kila siku wanakuja na mtandio mpya. Nikaanza kushona wangu baada ya alasiri. Bibi ndiye aliyenifundisha kupinda, na kwenye upindo alikuwa hana mchezo. Kanga ikiingia nyumbani, doti mbichi, vipande viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani, basi siku hiyo hiyo ataikata katikati na kuipinda kabla hajakaa kula. Nguo yenye nyuzi zinazoning'inia ilimkera kuliko mtoto mtundu.

Watu wakaanza kunisifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji pipa zima. Binamu yangu Zuwena, mtoto wa shangazi yangu wa Ghubra, alipokaribia kuolewa, ikapangwa kwamba siku ya hina wasichana sita tutabeba masinia, na sote tuwe na mtandio wa namna moja. Shangazi alitaka kwenda kununua. Nikamkatiza mbele ya watu.

"Usinunue, shangazi. Kitambaa nnacho, ntashona mwenyewe."

Nilikuwa sina kitambaa hata cha leso. Nilidhani nitakipata, siku zikapita, mara ikawa Ijumaa, hina kesho yake, na maduka yamefungwa asubuhi yote. Bibi alikuwa Ghubra tangu katikati ya wiki, anasaidia matayarisho. Na mwenyewe hakuwa mzima. Moyo ulikuwa unamsumbua, na madaktari walikwisha kumpangia siku ya kupasuliwa, siku tisa baada ya hina. Lakini kumwambia Bibi akae nyumbani wakati mjukuu wake anaolewa ni kazi ambayo hakuna aliyeiweza.

Nikaenda kwenye sanduku lake. Lilikuwa halifungwi, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akifungua la mwenzake. Chini kabisa, ndani ya gazeti, nikaikuta doti ya zambarau na nyeupe, mbichi, bado ina wanga, haijakatwa wala haijapindwa. Nikajiambia: Bibi anapinda kila doti siku ile ile, na hii gazeti lake limeshageuka manjano, basi hii ameisahau. Nikajiambia tena kwamba mwisho wa mwezi nitamnunulia nyingine, nzuri zaidi. Mtu akitaka kukosea, mwanangu, hakosi hoja.

Nikaikata mikato mitano, vikatoka vipande sita. Maandishi ya ukingoni niliyakunjia ndani ya upindo, isijulikane kama ni kanga. Hapo ndipo ningalipaswa kujua kwamba moyo wangu una habari. Nikapinda mchana kutwa, nikatia shanga za fedha pembeni, na mpaka magharibi mitandio sita ilikuwa tayari. Ilikuwa mizuri, sitakuficha. Sijashona mizuri zaidi ya ile mpaka leo.

Siku ya hina tulipoingia na masinia, wanawake walipiga vigelegele na nusu ya vigelegele vile nilivichukua mimi. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wakubwa wenzake. Nilipoinama kumbusu mkono, akaishika ncha ya mtandio wangu, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Upindo mzuri," akasema. "Umepinda mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

"Mashallah."

Akauachia, akaendelea na mazungumzo yake. Mimi nikajua hakuitambua. Nikaenda kula pilau, nikala vizuri.

Jumatatu Bibi amesharudi nyumbani, na baada ya sala ya adhuhuri akaniita chumbani. Sanduku lilikuwa wazi, na gazeti lile tupu amelitandaza juu ya kitanda, amelilainisha kwa mkono. Hakupandisha sauti. Ningemshukuru kama angepandisha.

"Kila doti inoingia nyumba hii naipinda siku ile ile," akasema. "We umekaa na miye miaka ishirini na mbili. Hukujiuliza kwa nini ile sikuipinda?"

Nikamwambia nilidhani ameisahau.

"Nguo ya maiti haipindwi, mwanangu. Ile ya kukoshewa miye. Kipande kimoja wanisitiri nacho wakinikosha, na cha pili wanifunike nacho nkitolewa. Nimeinunua Unguja, safari yangu ile ya mwisho, kwa pesa zangu za kushona kofia. Sikumwambia mtu kwa sababu sikutaka mlie."

Mwanangu, nimewahi kugombezwa, nimewahi kupigwa, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile. Wiki moja imebaki apelekwe kupasuliwa moyo, na mimi nguo yake ya safari nimeigawa ipambe mabega ya wasichana. Nikalia, nikamwambia nitamnunulia doti kumi, leo hii, Mutrah wanauza.

"Sitaki kumi. Nataka yangu. Nenda kaikusanye, ufumue, uiunge. Na kila nyumba utakayoingia useme kwa nini umekuja."

Wewe unajua kwetu kumdai mtu zawadi uliyompa ni jambo gani. Bora uonekane huna kuliko uonekane unatoa na kunyang'anya. Nyumba mbili za kwanza zilikuwa za majirani zetu Wattaya, wasichana wenzangu, wakanipa huku wananitazama kwa huruma. Lakini mitandio miwili ilikuwa kwa shangazi, kwa wadogo zake Zuwena. Nilipofika Ghubra nilikuta sebule imejaa wageni waliokuja kupongeza harusi, kahawa inazunguka, halua imefunguliwa. Nikamwomba shangazi tuzungumze pembeni.

"Sema hapa hapa," akasema kwa mzaha, "sote wa nyumba moja."

Nikasema. Nilisema nimeingia kwenye sanduku la Bibi bila ruhusa, nikaikata kanga aliyojiwekea ya kukoshewa, na mitandio ile waliyoisifu wote ndiyo hiyo. Vikombe vikatulia. Shangazi, kumbuka, ni binti wa Bibi. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mitandio miwili imekunjwa vizuri, akakaa karibu yangu badala ya kurudi kitini kwake.

"Ameshajitayarishia," akasema polepole, "na mimi mwanawe sina habari."

Akaanza kulia mbele ya wageni wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hilo sikujiandaa nalo.

Pamoja na wangu, nikawa na vipande vitano. Cha sita alikuwa nacho Muna, binamu yetu mwengine, na Muna alikwisha kupanda ndege kurudi masomoni Kuwait. Nikampigia simu, akasema atakituma. Bibi akasema siku za Kuwait na siku zake yeye hazilingani, tuanze na tulivyonavyo.

Kufumua ni kazi mbaya kuliko kushona, hasa ukiwa ulishona kwa maringo. Mishono yangu ilikuwa midogo na imekaza, na kila mmoja ilibidi niutafute kwa ncha ya sindano. Nilikuwa nikitoka kazini nakaa sakafuni, Bibi yuko kitandani amejiinua kwa mito, ananiangalia. Hakunisaidia na hakunisema. Alichosema mara kwa mara ni, "Fupisha uzi." Nikawa naufupisha.

Kanga ya kwanza ilitimia kwa vipande vitatu. Ya pili ilikuwa na viwili, na nafasi ya cha tatu iko wazi. Nikabaki nayo mapajani. Bibi akanyoosha mkono nimpe mkasi. Akaifungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni juu ya gauni, kanga ya hudhurungi iliyofuliwa mpaka ikawa laini, ambayo alikuwa akiipenda na haikutoka mwilini mwake. Akapima kwa shubiri, akakata moja kwa moja bila kusita, akanitupia kipande.

"Changu nakata miye," akasema.

Nikacheka, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu hina. Jumapili alasiri nilimaliza. Akazikunja mwenyewe, akazirudisha kwenye gazeti lile lile, akafunga sanduku.

"Haya, sasa naweza kwenda hospitali."

Akaenda, na akarudi, alhamdulillahi. Alipozinduka alitaka chai ya maziwa, wakamnyima, akagombana na wauguzi kwa Kiswahili na Kiarabu mpaka wakaniita mimi nimtulize. Aliishi tena miaka kumi na tatu. Alicheza na watoto wangu, akaniona nikishonea harusi za watu mpaka watu wa Ghubra na wa Wattaya wananijua kwa mitandio, na habari ya kanga ile hakunitajia tena hata siku moja.

Alipofariki, mimi nilikuwa mmoja wa wanawake wanne waliomwosha. Shangazi akalifungua gazeti. Mwoshaji mmoja, mama mtu mzima ambaye hakuwa wa ukoo wetu, alipoiona kanga ile na mishono yake ya kuungia na kile kiraka cha hudhurungi, akauliza kwa adabu kama hakuna kanga nzima nyumbani.

"Hii ndiyo nzima," nikamwambia. "Nimeikata mimi na nimeiunga mimi. Mwenyewe ameikubali."

Tukaitanda juu yake, wawili huku na wawili huku, maji yakamiminwa. Kanga ikaroa, ikawa nzito, ikavutika mikononi mwetu, na hakuna mshono ulioachia. Uso wake sikuweza kuutazama, basi nikaitazama mishono mpaka tulipomaliza.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: shona. Shona bila haya, na mtu akikuuliza umenunua wapi, mwambie umeshona mwenyewe na umtazame machoni. Kujishonea hakujawahi kumpunguzia mtu hadhi. Kilichonipunguzia mimi ni kuahidi nisichokuwa nacho ili nisifiwe, kisha kuwatimizia watu kwa mali ya mwengine. Kitambaa kikikaa kimya sandukuni usidhani hakina mwenyewe, na mzee akikaa kimya usidhani hana mipango. Kuuliza si ujinga, na ni neno moja tu. Bibi alikuwa Ghubra, simu ilikuwa sebuleni, na mimi sikuinyanyua.

Na ukishakata pasipo pako, kwa sababu siku moja utakata, sote tumekata, basi usikimbilie kununua kipya cha kufunika kosa. Rudi nyumba kwa nyumba, useme jina la ulichokifanya, ufumue, uunge kwa uzi mfupi. Kitaonekana kiraka, na kiache kionekane. Kinachotakiwa ni kishike siku maji yatakapomiminwa.

Mola akupe macho ya kuona na mkono usiochoka. Akubarikie kila utakachokishona, akuepushe na sifa zinazotangulia kazi. Na wazee wako awaweke, mwanangu, mpaka uwe umeshawauliza yote uliyotaka kuwauliza.